Hukumu ya Chuma Chakavu

Hukumu mbaya kuliko zote ni ile itolewayo bila ya mshtakiwa kuulizwa neno. Hukumu ya namna hiyo imekuwa ikitolewa miaka mingi juu ya reli ndogo za nchi yetu, yaani zile reli za matawi zilizojengwa ili kuchukua mizigo ya mashamba na kuifikisha kwenye njia kuu, na juu ya injini na mabehewa yaliyokuwa yakipita humo. Mashtaka ni neno moja tu: uzee. Shahidi ni kutu. Hakimu ni mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nakusudia kuipinga hukumu hiyo, na namwomba msomaji kijana asinisikilize kwa huruma, bali anisikilize kwa hesabu.

Kwanza na tujue tunasema juu ya nini. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 chuma kikagusa maji ya ziwa mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hilo ndilo shina, na habari zake zimeandikwa sana, hasa habari za simba wa Tsavo, ambao kwa bahati yao wamepata sifa kuliko watu waliobeba mataruma. Matawi hayakupata mwandishi. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, likasukumwa mbele polepole kupita Murang'a na Karatina hata likafika Nanyuki mwaka 1930. Tawi la Magadi lilitoka Konza likakamilika mwaka 1915. Kitale ilipata reli yake mwaka 1926; Thomson's Falls, ambayo sasa yaitwa Nyahururu, ilipata yake kutoka Gilgil mwaka 1929; na baada yake chuma kikatoka Kisumu kwenda Butere. Kulikuwako na tawi la Solai pia.

Yapo maneno yasemwayo na watu werevu, nayo yafaa kujibiwa mapema ili yasitusumbue mbele. Wasema kwamba matawi hayo yalijengwa na wakoloni kwa faida ya walowezi, ili ngano na mahindi na kahawa ya wazungu ifike bandarini kwa nauli nafuu, na kwa hiyo hakuna Mwafrika awezaye kuyalilia. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu. Sehemu ya pili ni upuuzi. Tangu mwaka 1962 mashamba makubwa ya Nyandarua na kwingineko yalianza kugawanywa kwa wakulima wadogo wa Kiafrika. Mwenye gunia akabadilika, lakini gunia halikubadilika: lilikuwa zito vile vile, na Mombasa ilikuwa mbali vile vile. Ajabu ni kwamba njia ilitunzwa kama mboni ya jicho ilipokuwa ikimchukulia mlowezi mzigo wake, ikaachwa iote majani ilipokuwa zamu ya mkulima mwenye ekari kumi. Mtu ambaye shamba lake limerudi mkononi mwake hasemi kwamba kisima kilichochimbwa na mnyang'anyi kifukiwe.

Sasa tazama jinsi tawi la reli linavyouawa. Haliuawi kwa siku moja, wala muuaji haji na panga mkononi. Mambo huanza na maji. Adui mkuu wa reli si jua, wala si uzito wa gari, ni maji. Mfereji wa kando ya njia usipozibuliwa, na kalvati likajaa udongo, maji ya mvua hukaa chini ya kokoto. Kokoto huchanganyika na tope, na taruma halilali tena juu ya kitanda kigumu, bali huelea. Gari likipita, kiungo cha reli huzama na kuinuka kama jino lililolegea. Bolti hulegea, reli hupinda kidogo, na gurudumu huanza kugonga pale pale kila siku mpaka chuma kikapata ufa. Kuzuia mambo hayo yote ni kazi ya watu wanane au kumi wenye majembe, sururu na spana, wakiongozwa na nyapara aijuaye kila kona ya maili zake. Kazi hiyo haina sifa. Haizinduliwi na mkubwa yeyote, wala haikatiwi utepe. Kwa hiyo fedha zinapopunguka, hao ndio wa kwanza kuachishwa, na kwa miezi michache hakuna aonaye tofauti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika daftari la mwaka huu, ufa usiozibwa huonekana kama akiba.

Baada ya hapo hutolewa amri ya mwendo. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa huamriwa liende 30, kisha 20, kisha lipite sehemu fulani kama mtu apitaye penye miiba. Hapa ndipo hesabu iingiapo, nami nataka kila mwanafunzi aifanye kwa kalamu yake. Tuseme behewa moja hubeba tani 30, na tuseme huchukua siku 5 kwenda kupakia, kupakua na kurudi. Kwa mwezi litafanya safari 6, na litakuwa limechukua tani 180. Njia ikiharibika, injini zikapungua, behewa likangoja kwenye stesheni siku tatu kabla ya kuvutwa, safari ile ile ikawa ya siku 15, basi litafanya safari 2 tu, na litachukua tani 60. Behewa ni lile lile, halikupungua hata msumari. Lakini limegeuka kuwa theluthi ya behewa. Mwenye reli sasa ahitaji mabehewa matatu afanye kazi ya moja, nayo hana. Mfanyabiashara wa Kitale aliyekuwa akituma mahindi kwa reli huona mzigo wake unachelewa, hungoja mara ya kwanza, hunung'unika mara ya pili, na mara ya tatu humwita mwenye lori. Hapo mapato hupungua. Mapato yakipungua, hupunguzwa tena watu wa sururu. Mviringo umefungwa, na tangu siku hiyo tawi huanza kushuka lenyewe kama jiwe lililosukumwa mlimani.

Katika saa hiyo ndipo aingiapo mhasibu. Sina ugomvi na uhasibu, ambao ni elimu tukufu. Nina ugomvi na namna moja ya kuhesabu. Gunia litokalo Kitale husafiri kilomita chache katika tawi, kisha mamia ya kilomita katika njia kuu mpaka mjini au bandarini. Mhasibu huyu hulipa tawi fungu la kilomita zake chache, nalo shina hupewa fungu lote lililobaki. Kisha huandika kwa wino mwekundu kwamba tawi lina hasara na shina lina faida. Ni kama kuvilaumu vijito kwa kuwa na maji machache na kuusifu mto kwa kuwa na maji mengi. Vijito vikikaushwa, mto nao hupungua, na mhasibu hushangaa. Matawi yetu yalipokauka, njia kuu nayo ilipoteza mizigo ambayo haikujua kamwe ilikuwa ikitoka wapi.

Injini nazo zina kifo chao. Karakana ikikosa vipuri, fundi hana la kufanya ila kunyofoa kutoka katika injini moja ili kuiponya nyingine. Leo hutolewa pampu, kesho pistoni, kesho kutwa mota ya kuzungusha magurudumu. Injini iliyonyofolewa husukumwa kando, kwenye njia ya pembeni, chini ya mvua. Baada ya miaka mitano majani huota kati ya magurudumu yake na ndege huzaa katika chumba cha dereva. Ndipo huja tume, hutazama, huandika: imechakaa. Kutu iliyoingia baada ya hukumu huletwa kuwa ushahidi wa hukumu! Je, ni uzee huo, au ni kutupwa?

Nisidhaniwe kuwa mmoja wa wale wanaoulilia mvuke. Zama za injini za mvuke zimepita, na zilipita kwa haki. Kati ya mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilipata kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester injini 34 za namna ya Garratt, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, zikapewa majina ya milima yetu. Hazikuwako duniani injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo katika reli ya upana wa mita moja. Zilivuta magari ya tani 1,200 kutoka pwani kupanda bara. Hata hivyo, zilihitaji mafuta mengi, maji mengi na mikono mingi, na injini ya dizeli ikazishinda. Kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Mbili zimebaki katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, na nyingine zilikwenda kukatwa. Yafaa mwanafunzi azitazame mbili hizo akipata nafasi. Lakini jumba la makumbusho ni jambo jingine na reli ni jambo jingine, na kosa moja la wapenzi wa reli ni kudhani kwamba ukiokoa injini moja ukaipaka rangi nyeusi inayong'aa umeiokoa reli. Mimi nasema juu ya dizeli, mabehewa, mataruma na madaraja ambayo yangaliweza kufanya kazi kesho asubuhi kama yangalitunzwa jana.

Kwa maana dizeli haizeeki kama mwanadamu. Mwili wa mwanadamu ni mmoja. Ukichoka moyo, viungo vyote hulala naye. Injini ya reli ni jamii ya vitu vinavyobadilishwa. Gurudumu likilika hukerezwa kwa mashine mpaka umbo lake lirudi, na likifikia kipimo cha mwisho huwekwa jingine. Pistoni na silinda hubadilishwa. Nyaya hubadilishwa. Fremu ya chuma, ambayo ndiyo uti wa mgongo, hudumu miongo mingi isipopindwa na ajali. Huko Marekani viliundwa kati ya mwaka 1954 na 1959 vichwa vya dizeli viitwavyo GP9, na mpaka karne hii ya ishirini na moja vimo katika reli ndogo za nchi hiyo, vikivuta ngano na mbao na mbolea. Wamarekani si maskini, wala si wapenzi wa mambo ya kale. Wanafanya hivyo kwa sababu hesabu yawaambia hivyo: katika tawi la mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hakuna haja ya injini mpya ya bei kubwa.

Kisa cha reli hizo kinatuhusu kuliko tudhanivyo. Mwaka 1980 Marekani ilipitisha sheria iliyoitwa Staggers, ambayo pamoja na mengine ilizirahisishia kampuni kubwa kuachana na matawi zisiyoyataka. Ungetazamia matawi yote yafe. Mengi yalikufa kweli. Lakini mengi mengine yalinunuliwa na kampuni ndogo, nyingine zenye wafanyakazi wachache kuliko walimu wa shule yako, na leo ziko reli ndogo za namna hiyo kiasi cha 600. Ziliishi kwa nini pale ambapo kampuni kubwa ilishindwa? Kwa sababu mwenye reli ndogo anamjua mwenye kinu cha ngano kwa jina, hupeleka behewa siku aliyoombwa, hununua injini iliyotumika na kuitengeneza kwa mikono yake, wala hana jumba refu mjini la kulipia kodi. Kwake yeye tawi si mzigo, ni mkate wake wote.

Sasa sikiliza jambo la kuchekesha, ikiwa jambo la kuhuzunisha laweza kuchekesha. Reli ya Kenya na ile ya Uganda zilipewa kampuni ya Rift Valley Railways iziendeshe kwa mkataba wa miaka 25 ulioanza kazi Novemba 2006. Katika miaka ya 2014 na 2015 kampuni hiyo ilileta kutoka Marekani injini 20 aina ya B23-7, ambazo kiwanda cha General Electric kiliziunda kati ya mwaka 1977 na 1984. Zilikuwa zimefanya kazi zao huko, zikakarabatiwa, zikawekewa magurudumu ya reli ya mita moja, zikavuka bahari kuja kutuvutia mizigo. Siilaumu kampuni kwa ununuzi huo. Ulikuwa wa busara. Ninawauliza wale wasemao kwamba chuma cha miaka arobaini hakifai: mbona cha wenzetu kinafaa na chetu hakifai? Injini zetu wenyewe zilizoundwa na kiwanda hicho hicho tulizipata mwishoni mwa miaka ya 1970. Umri ni ule ule. Tofauti ni kwamba moja ilipelekwa karakana na nyingine ilipelekwa majanini.

Mkataba ule ulivunjwa mwaka 2017, na wapinzani wangu huushika kama fimbo. Wasema: mwaona, hata mwenye mali binafsi ameshindwa! Walakini aliyeshindwa hakupewa tawi moja. Alipewa reli nzima ya nchi mbili, kutoka baharini hadi Kampala, ikiwa tayari imechoka. Naye, kama ilivyo kwa kila mtu mwenye deni, alikimbilia kwenye njia kuu iliyokuwa na fedha. Hilo halithibitishi kwamba matawi hayawezi kuishi. Lathibitisha kwamba hayaishi mikononi mwa mtu ambaye hayahitaji.

Na ushahidi wa kinyume tunao hapa hapa, nyuma ya vilima vya Konza. Tawi la Magadi lilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja, yaani magadi yachimbwayo katika ziwa lile la chumvi, na kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa likishuka kutoka nyanda za juu mpaka katika tanuri ya Bonde la Ufa na kupanda tena na mzigo wake. Mahali pale ni pa joto kali, chumvi hula chuma, na njia ni ya mteremko wa kuogopesha. Kama uzee ungekuwa sababu ya reli kufa, Magadi ingekufa kwanza. Haikufa pamoja na ndugu zake, kwa kuwa mwenye mzigo alikuwa ndiye mwenye haja ya njia, akaishika mwenyewe. Nauliza tena: ni kitu gani kinachowazuia wakulima wa Trans Nzoia, kupitia vyama vyao vya ushirika na serikali ya kaunti yao, wasipewe haki ya kuitumia na kuitunza njia ya Kitale kwa masharti yanayojulikana?

Wengine hujibu kwamba reli mpya imekuja na ya kale haina kazi. Ni kweli kwamba reli ya upana mkubwa ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na Oktoba 2019 ikafika Naivasha, eneo la Suswa. Ni njia imara, na kubeza uimara wake ni utoto. Lakini ni shina lisilo na matawi. Haipiti Nyeri, haipiti Nyahururu, haipiti Kitale. Mzigo ulioshushwa Naivasha ukitakiwa Malaba, hauna reli nyingine ila ile ile ya mita moja iliyoitwa mzee. Na ndiyo maana ilibidi ijengwe njia fupi ya kuiunganisha bandari kavu ya Naivasha na njia ya kale huko Longonot. Mzee ameitwa shambani baada ya kuandikiwa kaburi.

Na tulinganishe gharama. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ya reli mpya ilitajwa kuwa ya shilingi bilioni 327. Tawi la Nanyuki, lililokuwa limelala miaka mingi, lilifufuliwa na vijana wa huduma ya taifa pamoja na wanajeshi na mafundi wa reli, na garimoshi la abiria likarudi Nanyuki Desemba 2020. Gharama iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha shilingi bilioni 1.8. Gawa wewe mwenyewe: fedha za sehemu ile moja ya reli mpya zingefufua matawi kama la Nanyuki zaidi ya mia moja na themanini, na nchi yetu haina matawi kumi. Sisemi kwamba njia mbili hizo ni sawa kwa mwendo au kwa nguvu. Hazilingani hata kidogo. Nasema kwamba mtu aliyeambiwa ufufuaji ni ghali ameambiwa uongo. Jirani zetu wa Tanzania walifanya vivyo hivyo kwa njia ya kaskazini: abiria, ambao hawakuwa wameona garimoshi tangu miaka ya 1990, walirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Hata katika ziwa letu, meli ya Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960 ili kubeba mabehewa juu ya maji, ilirudi kazini mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi gatini.

Lakini wacha tuseme kwamba malori yatatosha, kama wengi wasemavyo. Nani alipaye barabara? Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakaendesha malori juu yake usiku na mchana ili kujua ni nini kinachoivunja lami. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli. Ekseli ya tani 10 ni mara 10 ya ekseli ya tani 1, lakini madhara yake kwa barabara si mara 10, ni kama mara 10,000. Garimoshi la tani 1,200, hata tukitoa uzito wa mabehewa yenyewe, hubeba mzigo wa malori thelathini au karibu na hapo. Malori hayo thelathini yakipita kwenye lami badala ya chuma, gharama haionekani katika hesabu ya reli. Huonekana katika mashimo ya barabara, katika kodi ya muuza mboga ambaye hajawahi kumiliki lori, na katika vilio vya usiku kwenye miteremko ambayo kila msafiri wa Kenya anaijua kwa jina. Reli hulipia njia yake yenyewe. Lori hulipiwa na jirani, kisha lasifiwa kwa kuwa nafuu.

Nirudi kwenye mnada, kwa sababu ndiko chuma kinakomalizikia. Injini inayouzwa kwa kilo ni kama ng'ombe wa maziwa anayeuzwa kwa bei ya ngozi. Mnunuzi hatazami kama fremu ni nzima au kama mota inazunguka. Mzani hauna macho. Taruma la chuma lililolala chini ya reli tangu kabla ya babu yako kuoa hutiwa katika gunia usiku na kuwa nondo mjini. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuangushwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Baada ya miezi michache marufuku ikaondolewa. Taifa lililoogopa wezi wa chuma kiasi cha kufunga biashara nzima lilipaswa kujiuliza vilevile ni chuma kiasi gani lilichokiuza lenyewe, mchana, kwa risiti.

Na pamoja na chuma huuzwa kitu ambacho hakiandikwi katika risiti. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na zizi la injini ni karakana. Fundi wa karakana ajuaye kusikia kwa sikio kwamba beringi imeanza kukauka hakujifunza hilo kitabuni peke yake. Chuo cha reli cha Nairobi kimefundisha tangu mwaka 1956, lakini mwalimu wake wa pili ni injini mbovu yenyewe. Ukiziuza injini mbovu zote, unamnyima kijana darasa. Siku injini mpya itakapoharibika, kwa maana nayo itaharibika, itabidi fundi aje kwa ndege.

Sidai kila kitu kiokolewe. Yako mabehewa ambayo fremu zake zimeoza, na hayo yakatwe bila ya machozi. Yako matawi ambayo mizigo yake imehama kabisa, na sitamwomba mtu yeyote apeleke injini Solai kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kukata kilicho kibovu ni sehemu ya utunzaji. Ninachokataa ni kukata kabla ya kuhesabu.

Basi kabla dalali hajainua nyundo yake juu ya injini au kilomita ya reli, na atuwekee mbele daftari lenye kuonekana na watu wote. Limeandikwa ndani yake: chombo hiki kiliundwa lini, kiliacha kufanya kazi mwaka gani, kilikosa kipuri kipi, kipuri hicho kiliombwa lini na nani alikataa kukinunua, kukitengeneza kungegharimu shilingi ngapi, na kwa mzani kimeuzwa shilingi ngapi. Kwa kila tawi, na iandikwe mizigo iliyopakiwa huko mpaka mwisho wa safari yake, si mpaka makutano tu. Vyama vya ushirika vya mahali hapo na kaunti husika wapewe miezi sita ya kulisoma daftari hilo na kutoa bei yao. Wakikosa, nyundo na ianguke.